Mzee Alikaa Nyuma

Kwa kawaida Odilia ndiye aliyekuwa anapanga watu kwenye boti. Godlove alishika injini, na yeye akasimama majini mpaka magotini, gauni kalifunga kiunoni, akawa anatoa amri: wewe mama wa vitunguu kaa mbele kabisa, wewe kaka gunia lako liweke katikati, wewe mwenye kitambi usiniangalie hivyo, hamia kushoto. Wafanyabiashara waliokuwa wakivuka bwawa la Nyumba ya Mungu kwenda mnadani upande wa Simanjiro walimtii bila kinyongo, walishamzoea. Boti ile ilikuwa ya zamani. Iliundwa kwa ajili ya injini ndogo, na ile ndogo ilipokufa Godlove alipata nyingine ya mtumba iliyoingia kupitia mpaka wa Holili, nzuri, ina nguvu, ila nzito. Tangu ifungwe, mkia wa boti ulishuka na pua ikainuka. Basi kila safari ilibidi uzito usogezwe mbele, watu kwanza, kisha mizigo, na watu wakiwa wachache, viroba vya mchanga. Hata tangi la mafuta walilihamishia mbele wakaliunganisha na injini kwa mpira mrefu.

Lakini Jumamosi ile Odilia alikatazwa kufungua mdomo.

Aliyemkataza ni shangazi Winfrida, dada yake mzee Aminieli, baba wa Godlove, mwanamke wa Old Moshi mwenye mwili na mwenye maneno. Aliteremka kwenye Noah ya kukodi, akaipangusa sketi yake vumbi, akamwangalia Odilia kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu iliyolowa.

"Wewe ndiye bibi harusi?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Toka majini. Mbege ya mahari yako inapita, wewe uko humo unahangaika kama kuli? Jifunike kanga, ukae mbele pale, na leo usiseme neno mbele ya mkwe wako. Mwali hasemi. Huko kwenu kwenye miwa hamkufundishwa?"

Odilia akatoka majini. Angesema nini? Siku hiyo ameingoja miaka. Yeye na Godlove walichukuana tu, kama vijana wengi, wakapanga chumba pale mwaloni zinapoegeshwa boti, wakamzaa Rachel. Mzee Aminieli alikuwa hataki kusikia. Alisema mwanawe ameokota binti wa kwenye miwa, mtu asiyejulikana hata kwao ni wapi. Na kweli baba yake Odilia, mzee Athanas, alikuja kutoka Kigoma kukata miwa, akakata mpaka mgongo ukagoma, ndipo akahamia ng'ambo ya bwawa kulima mpunga. Sasa kama hakuna mahari, hakuna ndoa. Na kama hakuna ndoa, hakuna kihamba, sehemu ya shamba la ukoo ya kujenga. Godlove alikuwa mtoto wa katikati. Kaka yake Ebenezeri alikatiwa sehemu yake zamani, na nyumba ya baba ni ya kitinda mimba, ndiyo desturi. Wa katikati anajijua mwenyewe.

Ila mwaka huu mzee alilegea. Hakuna aliyejua ni nini kilichomlegeza, labda uzee, labda mkewe, mama Yuditha, aliyekuwa kitandani na mguu wake na hana kazi nyingine isipokuwa kumsema mumewe mchana kutwa. Alimpigia Godlove simu akamwambia kwamba ataipeleka mbege ya mahari, ile pombe ya ndizi, kwa wakwe yeye mwenyewe. Akishaipeleka, akasema, atamkatia ile kona ya chini, karibu na mfereji, ajenge, mtoto atoke kwenye hicho chumba kinachoingia maji. Godlove alikata simu akakaa chini mchangani. Alikaa hapo muda mrefu akicheka peke yake.

*

Walichelewa. Bwawa lile asubuhi limetulia, lakini jua likishapanda upepo unaanza, na anayelijua anataka awe amevuka mapema. Godlove aliwaambia wafike alfajiri. Walifika saa nne, maana ilibidi shangazi asukwe nywele, na njiani mzee Thadeus, mshenga, alisimamisha gari mara mbili kusalimia watu.

Mzee Aminieli alivaa koti lake la kanisani na kofia ya pama. Hakuwahi kufika pale. Alisimama akaitazama boti, viraka vyake, rangi ya bluu iliyobabuka, jina la Rachel lililoandikwa ubavuni, akaizunguka kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Godlove alisimama kando, mikono kaiweka nyuma. Alikuwa mwanamume mzima, ana ndevu, lakini pale alionekana mtoto wa shule anayesubiri daftari lake lirudishwe.

"Hii yote umeilipa wewe?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba. Kidogo kidogo."

"Na hii injini unaifungua mwenyewe?"

"Naifungua, naifunga."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema neno ambalo Godlove hakuwahi kulisikia kutoka kwake. "Mimi nitakaa huku nyuma, karibu na wewe. Nataka nione unavyofanya kazi."

Odilia alikuwa ameshaketi mbele, kajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso. Aliposikia hivyo akageuka. Nyuma ndiko kusikotakiwa mtu mzito, na mzee Aminieli alikuwa mrefu, wa mifupa mikubwa. Hilo tu lisingekuwa tatizo. Lakini mzee Thadeus hakuweza kukaa mbele na wanawake wakati mwenzake amekaa nyuma, naye akaenda nyuma, na tumbo lake. Pipa la mbege nalo, lile la plastiki la bluu, haliwezi kutangulia mbele ya wazee kama mzigo wa sokoni, likawekwa miguuni kwao. Beberu la mahari likafungwa hapohapo. Shangazi Winfrida, ambaye kwa mwili wake angesaidia mbele, akakaa karibu na pipa kulilinda. Mbele akabaki Odilia peke yake, na kilo zake chache. Viroba vya mchanga vilikuwa vimeshashushwa tangu jana, ili boti ionekane safi.

Akamtafuta Godlove kwa macho. Alimwona anaangalia ukingo wa nyuma, jinsi maji yalivyokuwa karibu, na alijua kwamba ameona. Alingoja aseme. Sentensi ni fupi, baba naomba usogee mbele kidogo. Godlove akafungua mdomo. Wakati huohuo mzee akampigapiga begani, akauliza, "Na hiki ndicho cha kuongezea moto?" na Godlove akainama kumwonyesha, akaeleza, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Odilia hakuwahi kuiona, hata siku Rachel alipozaliwa. Basi Odilia akafunga mdomo. Alijiambia kwamba ni siku moja tu, watakwenda polepole.

Maboya ya kuvaa yalikuwa manne. Godlove akawavalisha wageni watatu na Odilia. Mzee alikataa la kwake mwanzoni, akisema litamkunja koti, na Godlove akamfunga kamba zake mwenyewe, taratibu, akisema samahani baba, samahani baba.

*

Katikati ya bwawa upepo ulikuwa umeshaamka. Boti ilikwenda pua juu, mkia chini, ikigonga mawimbi. Kila ikigonga, pipa liliruka kidogo, na mara mfuniko ukalegea. Povu la mbege likaanza kutoka pembeni.

"Inamwagika," shangazi akasema. "Kaka, mbege inamwagika."

Tuelewane hapa. Mbege ya mahari hufiki nayo pipa limepungua. Wakwe wataitazama, wataona mstari ulipokuwa na ilipo sasa, hawatasema kitu, na watakumbuka mpaka wajukuu. Mzee Aminieli alijua hilo. Aliinama kulishika pipa kwa mikono miwili, halikushikika, na akamgeukia mwanawe.

"Simama. We Godlove, simama."

Aliitoa ile sauti ya zamani, ya kumwita mtoto ashuke kwenye mparachichi. Na mtoto akatii. Kama ingekuwa ni abiria mwingine, Godlove angemwambia ashike pipa lake atulie, kisha angepunguza moto kidogo kidogo, maana boti inayozama mkia haisimamishwi ghafla. Maji uliyoyakata yanakuja nyuma yako, na ukisimama yanakukuta. Haya Godlove aliyajua kuliko anavyojua jina lake. Lakini mkono ulizima injini kabla kichwa hakijafika.

Maji yakaja nyuma, yakapanda juu ya ukingo, yakaingia. Hayakuwa mengi. Ila beberu lilishtuka likarukia upande mmoja, mzee Thadeus akasimama, na wimbi la pili likaingia lote. Odilia alipiga kelele sasa, alisema yote aliyokuwa hajasema, njooni mbele, njooni huku mbele, na hakuna aliyemsikia.

Boti ilipinduka. Godlove alimsukuma baba yake juu ya tumbo la boti, akamwambia ashike pale kwenye mkuku asiachie. Akamvuta mzee Thadeus. Kisha akamfuata shangazi, ambaye sketi ilimfunga miguu na boya lilimpanda usoni, akampelekea lile pipa la mbege lililokuwa linaelea, akamkumbatisha. Odilia aliyaona haya yote akiwa ameshika pua ya boti. Alimwona anageuka kurudi. Alimwona anapunga mkono mmoja kama mtu anayetaka kusema ngoja. Yeye hakuwa na boya, na alikuwa amechoka. Wimbi likapita, na baada ya wimbi hakuwepo.

Wavuvi wakaja wakawaokoa wote wanne. Godlove walimpata kesho yake.

*

Msiba ulikuwa Old Moshi, kwa mzee. Hata kabla ya maiti kutoka mochwari watu walishajaa, turubai limefungwa, viti vimekodishwa. Ilikuwa mara ya kwanza Odilia kukanyaga kihamba kile. Alipanda na bodaboda, Rachel katikati, mfuko wa nguo mapajani. Mlangoni shangazi Winfrida alimpokea mtoto, akampeleka ndani kwa bibi yake, kwenye magodoro wanakokaa wafiwa. Odilia akataka kuvua viatu aingie naye.

"Wewe nenda jikoni ukawasaidie wenzako," shangazi akasema. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado na bandeji, alichubuliwa na ukingo wa pipa. "Usinielewe vibaya, mwanangu. Mbege haikufika. Mahari haikutolewa. Hapa hatuna mjane, tuna mama wa mtoto. Ukikaa pale kwenye godoro watu watauliza, na sisi tutajibu nini?"

Mwanamke ambaye Godlove alikufa akimwokoa. Odilia alimtazama, na akamchukia. Akaenda jikoni akapewa kisu na rundo la ndizi. Akamenya mpaka utomvu ukamweusisha vidole.

Vitenge vya sare viliposhonwa, cha kwake hakikuwepo. Aliyekuwa anagawa alihesabu, akarudia, akasema labda ni makosa, akaondoka haraka. Wazazi wake walipovuka kuja kuhani, mzee Athanas na mkewe, Ebenezeri aliwapokea kwa adabu zote, akawaambia karibuni wageni, akawaonyesha viti vya nyuma. Hakusema wakwe. Mzee Athanas alikaa na kofia yake magotini, akanywa chai aliyopewa, na kila aliyepita akamwamkia shikamoo aliitikia kwa sauti ndogo sana. Odilia alimwona kutoka jikoni. Hilo lilimuuma kuliko kitenge.

Na maneno yalikuwa yanazunguka, kama yanavyozunguka msibani. Chini ya turubai Ebenezeri alikuwa akiwaeleza watu kutoka mjini.

"Boti yenyewe ilikuwa skrepa. Nilimwambia, mdogo wangu, tafuta kazi ya maana. Hakusikia. Akawapakia wazee wetu kwenye chuma chakavu. Mungu ni mwema hatukuzika watano."

"Vijana wazembe sana na hivi vyombo," mmoja akaitikia.

"Sana."

Mzee Aminieli alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti chenye mikono, fimbo katikati ya magoti. Hakukubali wala hakukataa. Tangu atolewe majini alikuwa hasemi zaidi ya kuitikia salamu.

Kaburi lilichimbwa chini karibu na mfereji. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndipo palipokuwa wazi, basi, sehemu nyingine zote zina kahawa na makaburi ya zamani. Vijana walikata migomba kadhaa ili watu wapate pa kusimama, wakaanza kazi. Kwa hiyo Godlove alipewa ile kona. Akiwa hai alinyimwa, na sasa hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mahari imetolewa.

*

Mchana wa siku ile, kesho yake ndiyo mazishi, Odilia alikuwa juu kidogo kwenye mfereji akisugua masufuria kwa majivu. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Akasikia fimbo ikigusa mawe. Akainuka haraka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee Aminieli akatafuta pa kukaa, akakosa, akabaki amesimama. Chini yao majembe yalikuwa yanasikika. "Binti, nina swali. Nimemuuliza Thadeus, hajui. Winfrida anasema ni upepo. Ebenezeri hakuwepo na yeye ndiye anayesema sana. Wewe ulikuwa unafanya kazi na marehemu kila siku. Niambie. Boti ile ilikuwa mbovu?"

"Hapana, baba."

"Alikuwa amelewa?"

"Godlove hanywi akiwa na abiria. Unajua."

"Sijui," mzee akasema. "Ndiyo maana nauliza."

Odilia akaangalia maji ya mfereji. Alikuwa ameitafuta nafasi hii usiku na mchana. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mzee huyu, maneno makali, na sasa mzee yupo mbele yake, shati limefungwa vifungo vibaya, na hayo maneno hayakutaka kutoka. Lakini akinyamaza, Godlove atazikwa mzembe. Rachel atakua akiambiwa baba yake alikuwa mzembe.

"Boti ile ni nzito nyuma, baba. Injini ni kubwa kuliko yenyewe. Sisi huwa tunawakalisha watu mbele, ndipo inakaa sawa. Siku ile uzito wote ulikuwa nyuma."

"Nyuma nilikuwa mimi."

"Ndiyo."

"Na Thadeus alinifuata mimi. Na mbege."

"Ndiyo, baba."

"Nikamwambia asimame."

Mzee alishika fimbo kwa mikono yote miwili, na kwa muda alionekana kama anasikiliza yale majembe.

"Mbona hamkuniambia nisogee?" akasema mwishoni. Hakuwa na hasira, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumwangalia. "Mimi si mtu mzima? Si ningesogea? Binti, wewe kila siku unawaambia watu. Mbona mimi hukuniambia?"

"Niliambiwa nisiseme mbele yako."

"Na yeye? Yeye aliambiwa na nani?"

Machozi yalimtoka Odilia sasa, na hakuyafuta. "Alitaka kusema, baba. Nilimwona. Lakini ulikuwa umemwambia utakaa karibu naye umwone anavyofanya kazi. Alifurahi. Sijui kama ulimwona uso. Alifurahi sana, baba. Na mimi nikaona nikisema usogee, nitamharibia."

Mzee Aminieli alitaka kushuka, akakosea njia, akaelekea kwenye migomba, akasimama huko akiwa amempa mgongo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Odilia hakujua la kufanya. Hakuna desturi inayomwambia mkwe afanye nini mzee akilia. Akachuchumaa akaendelea kusugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata.

*

Kesho yake watu walijaa mpaka barabarani. Kwaya iliimba, Ebenezeri akasoma wasifu wa marehemu, mfupi tu, alizaliwa, alisoma, alijishughulisha na usafirishaji. Ameacha mtoto mmoja. Hapo Odilia, aliyekuwa nyuma kabisa na wanawake wa jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliinamisha kichwa. Hakutajwa. Alijua hatatajwa, na bado aliposikia hakutajwa moyo ulimwuma upya.

Jeneza likateremshwa. Mchungaji akashika kitabu chake kifuani, akasema, "Sasa tutaweka udongo. Tunaanza na mjane."

Watu wakaanza kugeuza shingo. Shangazi Winfrida akasogea, akamnong'oneza mchungaji sikioni, na mchungaji akakohoa.

"Basi, tunaanza na wazazi wa marehemu."

Mzee Aminieli akainuka kwenye kiti chake cha mbele. Waliokuwa karibu wakampisha afike kwenye udongo. Lakini yeye akageuka, akaanza kupita katikati ya watu kwenda nyuma, akiomba njia, samahani, samahani, na watu wakadhani amezidiwa. Mtu mmoja akataka kumshika mkono, akamkwepa. Alikwenda mpaka kwenye mafiga.

"Mke wa Godlove," akasema. "Njoo mbele."

Odilia hakuinuka. Alimtazama tu. Yalikuwa maneno yake yale, ya kazi, aliyokuwa akiwatupia watu asiowajua wenye vitunguu na magunia bila kufikiri, mara ngapi kwa siku.

"Kaka," shangazi alisema kutoka kule mbele, akijaribu kuishusha sauti, na kila mtu akamsikia, "mbege haikufika."

"Ilitoka nyumbani kwangu," mzee akajibu. "Niliibeba mimi. Wewe uko hai leo kwa sababu ya mbege hiyo na mwanangu. Kama haikufika, aliyeizuia ni mimi." Akapumua. Alikuwa anasema na watu wote sasa, ingawa alimtazama Odilia peke yake. "Na mmesikia kwamba boti ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Mimi nilikaa mahali pasipotakiwa mtu, na mwanangu aliona haya kuniondoa. Kisha nikamwamuru asimame, akasimama. Ndivyo alivyokufa. Alikufa kwa kunitii. Athanas yuko wapi? Mkwe wangu yuko wapi? Naye aje mbele."

Ebenezeri alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee Athanas akainuka kwenye viti vya nyuma, akaivaa kofia, akaivua tena.

Ndipo Odilia alipolia. Hakuwa amelia kwa sauti tangu bwawani, hakuwa na mahali pa kulilia, na sasa alilia mbele ya ukoo mzima wa mumewe, na wanawake wa jikoni wakamshika huku na huku wakamwinua. Akaenda. Watu wakampisha. Rachel akaja kutoka kwa bibi yake akamshika kanga.

Akachota udongo kwa mkono, akauachia. Akachota mwingine akampa Rachel. Nyuma, mzee Aminieli alikuwa amebaki kule kwenye mafiga, katikati ya masufuria. Wazee wenzake walimpungia arudi kwenye kiti chake, na yeye akatikisa kichwa, akabaki amesimama.

Odilia alipoinua macho aliiona ile kona yote kwa mara ya kwanza, maana migomba ilikuwa imekatwa. Godlove alikuwa akimwambia ni ndogo, watabanana hapo hivyohivyo. Haikuwa ndogo. Ingetosha nyumba, na jiko la pembeni, na mahali pa mtoto kuchezea.